Sauti Iliyobaki Kabatini

Wimbo mpya wa mtu aliyekwisha kufa ni kitu cha kutiliwa shaka. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue niliuendea nikiwa na moyo gani. Bendi ya Queen ilipoutoa wimbo wa "Face It Alone" tarehe 13 Oktoba 2022, mwimbaji wake, Freddie Mercury, alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka thelathini na moja tangu afariki. Katika miaka hiyo nimeona jina lake likiuzwa kwa kila namna, hata kwenye soksi. Basi niliposikia kwamba umepatikana wimbo ambao haujawahi kutoka, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kuna mtu anahitaji fedha.

Wapenzi wa roki nzito hawaishi kubishana kama Queen ni watu wao au la. Vijana wa fulana nyeusi husema bendi hii ina piano nyingi mno na madaha mengi mno. Mimi huwajibu kwa jambo moja tu. Wimbo wa Queen wa mwaka 1974, "Stone Cold Crazy", ulirekodiwa upya na Metallica mwaka 1990 na ukawapa tuzo ya Grammy. Tarehe 20 Aprili 1992, katika tamasha la kumkumbuka Freddie kule Wembley, aliyeuimba ni James Hetfield wa Metallica mwenyewe, na mmoja wa wapiga gitaa alikuwa Tony Iommi wa Black Sabbath. Ikiwa wenye nyumba wamemkaribisha mgeni hadi chumba cha ndani, mimi wa Mpanda ni nani nimzuie mlangoni?

Tena si mgeni kihivyo. Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi. Alisoma India, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Sisi wa bara tulichelewa sana kulijua hilo. Kanda yao ya kwanza kufika nyumbani kwetu ililetwa na kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye treni ya Tabora. Ilikuwa imenakiliwa juu ya kanda ya kwaya, na upande wa pili ulipokaribia kwisha ungewasikia wanakwaya wakimalizia pambio lao. Tuliipiga mpaka ikaanza kuvuta maneno kama mlevi.

Wimbo huu mpya nililetewa kwa simu na mtoto wa kaka huyo huyo, anayeishi Dar es Salaam. Aliandika, "Shikamoo baba mdogo. Huyu si yule mtu wako?" Nilivaa hedifoni, kwa sababu jenereta la jirani lilikuwa likiunguruma, nalo lina besi kubwa kuliko ya John Deacon.

Yafaa kueleza ulikotoka. Ulirekodiwa mwaka 1988, bendi ilipokuwa ikitengeneza albamu ya "The Miracle" iliyotoka 1989, kisha ukaachwa. Brian May na Roger Taylor wamesema walikuwa wameusahau, na kwamba kwa muda mrefu waliona hauokoleki. Mafundi ndio walioviunganisha vipande vyake, kama fundi cherehani anayeunga vitambaa vilivyobaki. Ukijua hivyo unategemea kusikia mishono. Mimi niliisikiliza kwa makusudi, nikitaka kuikamata.

Sikuikamata, kwa sababu wimbo wenyewe una nafasi tupu nyingi. Gitaa linadondosha sauti mojamoja, polepole, kila moja ikiachiwa mwangwi wake ufe kabla ya nyingine kuja. Ngoma ni chache na nzito. Kisha anaingia Freddie kwa sauti ya chini, karibu na sikio. Aliyeizoea Queen anangoja lile jeshi la sauti zilizorundikwa, sauti za mtu mmoja zikigeuzwa kuwa kanisa zima. Hapa hakuna kanisa. Yupo mtu mmoja katika chumba kikubwa. Anapopandisha sauti inapanda kweli, ina nguvu zote tunazozijua, lakini hakuna anayemwitikia, na hilo peke yake linatisha.

Kasoro zipo. Maneno ni machache, na baada ya katikati wimbo unarudia ulichokwisha kusema bila kukisogeza. Unaonekana dhahiri kuwa ni rasimu, na mwishoni unasimama tu kabla haujafika popote. Laiti wangeurudia siku nyingine studio, nadhani ungepata ubeti wa tatu. Hata hivyo nawasifu wale wazee wawili kwa kutousingizia. Wangeweza kuujaza vinanda na sauti za kuitikia mpaka ukafanana na wimbo uliokamilika. Waliuacha na upungufu wake, nami napenda zaidi upungufu wa kweli kuliko utimilifu wa kubandika.

Maana ya jina lake ni kwamba jambo lenyewe utalikabili peke yako. Ni rahisi mno kusema anaimba ugonjwa wake. Waliokuwa karibu naye wamesema alijua tangu mwaka 1987 kuwa ana virusi vya UKIMWI. Ulimwengu ulitangaziwa tarehe 23 Novemba 1991, na kesho yake akafa. Lakini kuanzia "The Miracle" nyimbo zao zilianza kuandikwa kwa jina la wote wanne, kwa hiyo si haki kuchukua kila neno na kulifanya cheti cha daktari. Ninachoweza kukisema ni cha sikio. Katika "The Show Must Go On" wa mwaka 1991 anaimba kama mtu aliye jukwaani, amepakwa rangi usoni, na watazamaji wapo. Katika huu hakuna pazia wala watazamaji. Kama ningeambiwa nichague wimbo ulio bora, ningechagua ule. Lakini huu ndio ninaouamini.

Naamini, lakini nina ugomvi nao. Kwetu mtu haachwi afe peke yake. Wakonongo na Wapimbwe, na Wafipa na Wasukuma waliotukuta hapa, wote mtindo ni mmoja: mgonjwa akizidiwa nyumba hujaa. Kaka yangu alipolala mwaka 1994, Mpanda ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa, mikeka ilifika mpaka chini ya mwembe. Akina mama walipika, wazee walikaa, mtoto alitumwa maji kila saa. Na katika watu wale wote hakuna hata mmoja aliyeutaja ugonjwa. Tulisema kifua. Tukasema amerogwa na mtu wa stesheni. Yeye alitutazama tukisema, akaniomba nifunge dirisha. Alikuwa peke yake katikati ya watu arobaini.

Miaka hiyohiyo Remmy Ongala aliimba "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kondomu, na Redio Tanzania haikuupiga. Ajabu ni kwamba wimbo wake mwingine, "Kifo", ulipigwa na kuchezwa hadi na walevi wa kilabuni. Kifo tuliweza kukiita kwa jina. Kilichotushinda ni ugonjwa. Ndiyo maana "Face It Alone" ulinichoma mahali ambapo Remmy, nimpendaye zaidi, hakunifikisha. Remmy aliimba akiwa na bendi nzima nyuma yake na uwanja mbele yake. Huu ni wimbo wa mtu aliyeomba dirisha lifungwe.

Nimeusikiliza mara sita sasa. Gitaa la Brian May linapoingia, halishindani na sauti iliyotangulia. Linakaa kando yake kwa muda mfupi, kisha linaondoka. Hapo ndipo pazuri kuliko pote katika wimbo huu.

Jioni yake mwanangu yule alinipigia, akauliza kama baba yake angeupenda. Nikamwambia angelalamika kwamba ngoma hazitoshi. Akacheka. Kisha akaniuliza baba yake alikufa kwa ugonjwa gani hasa, nami nikamtajia.