Mkono Ufuatao Pua

Siku ya soko pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, kabla jua halijachoma mabati, mbwa wako chini ya meza za samaki. Juu ya meza muuzaji anataja bei kwa Lhukonzo na mteja wa kutoka Kasindi anaipunguza kwa Kiswahili cha Kongo. Chini, mtoto wa mbwa wa miezi mitatu hivi anakimbia na kipande cha ngozi ya samaki, anaanguka, anakitupa, anakirudia. Mpita njia atasema huyu ana kichaa. Mwindaji hutazama jambo moja tu: kipande hicho kikitupwa kwenye nyasi ndefu, asikokiona, atakitafuta kwa muda gani kabla ya kukata tamaa?

Swali hilo ni la zamani katika miteremko ya Rwenzori. Wakonzo waliwinda kwa mkuki na mbwa, na windo lao mojawapo lilikuwa perere, yule jamaa ya pimbi, kwa nyama yake na kwa ngozi yake. Perere hafukuzwi kwa miguu ya binadamu akapatikana. Alitakiwa mbwa wa kumnusa na kumbana hadi mwenye mkuki afike. Mwaka 1991 mlima ukawa hifadhi ya taifa, na huku bondeni hifadhi inayoitwa leo Queen Elizabeth ilikuwepo tangu 1952. Kazi ya baba ikawa kosa la mwana. Lakini ufundi wenyewe ulipata mlango mwingine ng'ambo ya mpaka, na safari hii aliyewindwa ni mwindaji.

Mwaka 2011 Hifadhi ya Virunga, inayopakana na wilaya ya Kasese upande wa Uganda, ilianzisha kikosi cha mbwa wa aina ya bloodhound katika makao yake makuu ya Rumangabo, kwa mafunzo ya Marlene Zähner, daktari wa mifugo kutoka Uswisi. Mwaka uliofuata tembo alikutwa ameuawa, pembe hazipo. Mbwa waliifuata harufu kilomita 7 hivi hadi kijiji cha wavuvi. Baadaye askari wakakutana na watu walioshukiwa, wakarushiana risasi, washukiwa wakatoroka na kuacha silaha. Kilomita 7 katika nchi ya simba na nyati, nyuma ya kitu kisichoonekana.

Safari ya kufika huko huanza kama mchezo wa kitoto. Mtu anamwonyesha kilebu kipande cha nyama, anakimbia mita 20, anajibanza nyuma ya kichaka. Kilebu anavishwa mikanda ya kifuani, anaachiwa, anamfikia, anakula, anashangiliwa kwa sauti nyembamba ambayo mwanamume mzima mwenye magwanda huona haya kuitoa mara ya kwanza. Mchezo unakatishwa hapo, kilebu angali anautaka. Kesho inaongezwa kona moja. Baadaye mtu anaondoka kabla kilebu hajaletwa, na kinachobaki ni fulana yake ya kunusishwa. Ile mikanda haivaliwi kwa matembezi wala kwa chakula. Ikigusa kifua, ni kazi. Baada ya majuma kadhaa, yule aliyekuwa akiuma kamba za viatu huinamisha kichwa mwenyewe ili avishwe.

Wenye mbwa wa damu moto hudhani dawa yake ni kumkimbiza mpaka achoke. Mbwa akikimbizwa kutwa hupata pumzi ya kukusumbua zaidi kesho. Muda mfupi wa kunusa kwa makini mara nyingi humtuliza kuliko mbio ndefu.

Samaki mkunje angali mbichi, husemwa, na kwa adabu ya nyumbani ni kweli: kuja akiitwa, kutofukuza mbuzi wa jirani, hayo hufundishwa mapema na bila mzaha. Pua haikunjwi. Kilebu anayevutwa kamba kila akipinda hujifunza upesi kwamba jibu liko mkononi mwa bwana wake, naye huanza kutazama nyuma badala ya kunusa mbele. Hapo mbwa wengi wazuri huharibika, na lawama humwangukia mnyama.

Mwenye kamba naye ana darasa lake. Ngozi ya mtu hupukutisha chembe bila kukoma. Chembe hizo hupeperushwa na upepo, hunasa majanini, hudumu penye unyevu na kupotea upesi kwenye njia kavu. Ndiyo maana mbwa anaweza kwenda mita kadhaa pembeni mwa nyayo akawa sahihi kuliko macho ya anayemfuata. Bondeni Kasese joto hupanda mapema, na mbwa anayehema kwa mdomo hanusi vizuri. Kazi ni alfajiri, na maji hubebwa na mtu.

Ustadi wote huo haumkingi mbwa na maradhi. Katika msitu wa Ituri, ng'ambo ya mto Semliki, wawindaji Wambuti wana mbwa wasiobweka kama wengine. Huwafunga kengele za mti shingoni ili wenye nyavu wajue windo linatokea upande gani. Ulaya mbwa hao wakaitwa basenji, jina ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa, na haliwastahili. Waliofikishwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa ugonjwa wa distempa. Uzao ulishika mizizi huko baada ya wengine kupelekwa katika miaka ya 1930. Ugonjwa huohuo mwaka 1994 uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini ndio walioshukiwa kuusambaza. Kwa anayelea kilebu katikati ya hifadhi mbili, chanjo si jambo la kungoja mpaka fedha ya kahawa ipatikane.

Halafu inafika siku harufu inakatika. Mbuzi wamepita, njia imekanyagwa. Kilebu anainua kichwa, anazunguka, anarudi alikotoka. Kamba inalegea. Mkufunzi anajua mtu alikojificha, kwa kuwa ndiye aliyemtuma, na mkono unamwasha. Anasimama. Mzunguko wa pili, hakuna. Wa tatu, pua inashuka kwenye tuta la mihogo, mkia unasimama, na kamba inamtoka mkononi mita nzima kabla hajaikamata na kuanza kukimbia.