Sifa za Mng'oaji

Anayeisifu sakafu ya mbao kuukuu humsifu aliyeitandika upya, akaipiga msasa na kuipaka mafuta. Naona sifa hizo zimempita anayezistahili. Ufundi mkubwa wa kazi hii umo mikononi mwa aliyeing'oa, kwa sababu ubao akiuvunja hakuna pa kuagiza mwingine. Tazama misonobari ya majani marefu ya kusini mwa Marekani. Ilitanda kutoka Virginia hadi Texas, hekta milioni 36 hivi, na kati ya miaka ya 1870 na 1920 sehemu kubwa ikakatwa. Leo haijabaki hata sehemu moja ya kumi. Ilikua polepole katika kichanga kisicho na rutuba, mingine kwa karne mbili tatu, ndiyo maana pete zake zimebanana na kiini chake kimejaa utomvu. Msonobari wa kupandwa huvunwa kabla haujapata nafasi ya kuwa hivyo. Mbao za namna ile sasa zimo katika nyumba na viwanda vya nguo vya zamani, chini ya miguu ya watu.

Fundi wa kwanza alianzia ukutani, akapanga mbao huku ulimi wa kila ubao ukielekea mbele yake, na misumari akaipigilia mshazari katika ulimi huo isionekane. Mng'oaji hana budi kuanzia alikomalizia mwenzake, arudi kinyumenyume. Ubao wa kwanza mara nyingi hupotea, kwani hauachi pa kupenyeza mtaimbo. Unaofuata huinuliwa kidogo kidogo, msumari kwa msumari, mtaimbo ukiegemea boriti. Akikosea upande, ulimi hupasuka, na ubao usio na ulimi haushikani tena na jirani yake. Hata msumari una njia yake ya kutokea: ukigongwa urudi ulikoingilia, huchana ubao, kwa hiyo huvutwa kwa koleo kutoka nyuma, kichwa kikapenya ndani ya mti. Mmoja tu ukisahaulika, visu vya mashine ya randa vimekwisha.

Watasema ni ghali, na ni kweli: mashine huangusha nyumba kwa siku moja, mikono hutaka wiki na zaidi. Lakini hesabu hiyo imeuita ubao taka kabla haujaguswa. Mji wa Portland, Oregon, uliikataa mwaka 2016, ukaagiza nyumba zilizojengwa mwaka 1916 au kabla yake zifumuliwe kwa mkono ili vifaa viokolewe. Tangu 2020 agizo hilo limefika hadi nyumba za mwaka 1940. Hoja nzito zaidi ni rangi yenye risasi, ambayo Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Hapa sitetei chochote: ubao wenye rangi hiyo haupigwi msasa ndani ya nyumba, na mwingine ni heri uachwe. Vivyo hivyo ubao ulioliwa na msasa hadi karibu na ulimi, kwani ukitandikwa tena utapasuka ukingoni. Mng'oaji hodari hung'oa mmoja, akapima unene uliobaki juu ya ulimi, kisha humwambia mwenye nyumba ukweli, hata kama ukweli huo unamkosesha kazi.