Sauti Baina ya Kusema na Kuimba

Mpigaji litungu wa Kibukusu, aketipo baina ya watu huko Lugulu, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, haanzi kwa wimbo. Kwanza hutega sikio, akazikaza nyuzi zake saba, uzi baada ya uzi, kwenye mti uliokingama juu, mpaka zipatane. Kisha vidole vya mikono yote miwili huzizungusha sauti zile chache bila ya kuchoka, na hapo ndipo sauti ya binadamu inapoingia, si ya kuimba khasa wala si ya kunena khasa, bali ipitayo baina ya mawili hayo. Neno lililoanza kama salamu hupanda likawa wimbo, likavunjika likawa kilio, likashuka likawa nasaha. Akitajwa marehemu, koo hubanwa kwa makusudi, na sauti hiyo iliyokwaruzika, ambayo sikio lililolelewa na kwaya lingeihesabu kuwa ni kosa, ndiyo ustadi wenyewe.

Fani hii ilitafutwa kwa taabu kubwa na watu wa Ulaya walioitwa waeksipreshonisti, ambao rai yao ilikuwa kwamba sanaa isiige sura ya nje ya kitu, bali itoe kilichomo nafsini, hata kama uzuri uliozoeleka utavunjika. Wassily Kandinsky, mchoraji, aliusikiliza muziki wa Arnold Schoenberg wa Vienna katika tamasha mjini Munich mwezi wa Januari 1911, naye akaichora tamasha ile kwa manjano yenye kufurika na weusi mkubwa wa piano. Na Desemba ya mwaka ule ule picha za Schoenberg, kwani naye alichora, zikatundikwa pamoja na za Kandinsky katika maonyesho ya kundi la wasanii lililoitwa Der Blaue Reiter. Mwaka wa 1912, Berlin ikasikia Pierrot lunaire ya Schoenberg, mashairi 21 ambayo msomaji wake ameandikiwa noti zenye msalaba mdogo mkiani, ishara ya kumwamuru aiguse sauti ya noti kisha aiache mara moja.

Huko Ulaya, muziki na rangi vilikuwa vimetengana, vikahitaji kupatanishwa. Kule Lugulu, mpigaji, msimulizi wa ukoo, njuga za miguuni na mabega ya wachezao kamabeka havijapata kuachana. Tena msomaji wa Schoenberg hulia peke yake, ilhali mpigaji wa litungu huitikiwa, na kwangu mimi kuitikiwa huko ndiko kunakompa ujasiri wa kwenda mbali zaidi katika majonzi.

Marafiki, yaani Wakwekari, walioweka misheni na hospitali Lugulu walikuja na nyimbo za ibada, nzuri kwa namna yake, na pamoja nazo mazoea ya kuandika kila sauti mahali pake. Basi atakayeziandika nyimbo za litungu kwa ajili ya wanafunzi na autwae ule msalaba mdogo wa Schoenberg, auweke popote mpigaji anaponena, ili kijana asije akafundishwa kuimba pale ambapo mzee alikuwa akilia.