Miti Miwili, Shina Moja

Katika mji wa Metepec, magharibi ya Jiji la Meksiko, wafinyanzi hutengeneza kwa udongo sanamu wanayoiita Mti wa Uzima. Shina lake ni moja. Matawi hujipinda kulia na kushoto kama matao, yamejaa majani, maua na ndege. Katikati wamesimama Adamu na Hawa, na nyoka amejizungusha kwenye shina. Juu kabisa yuko Mungu Baba. Chini, malaika mwenye upanga anawafukuza wazazi wetu wa kwanza kutoka bustanini.

Msomaji wa Biblia atauliza mara moja kama jina halikukosewa. Mwanzo 2:9 inataja miti miwili, na nyoka hakumshawishi Hawa kwa mti wa uzima, bali kwa ule wa ujuzi wa mema na mabaya. Mti wa uzima ndio uliowekewa ulinzi wa upanga wa moto baada ya anguko (Mwanzo 3:24). Mfinyanzi basi ameonyesha mti wa anguko, akauita wa uzima.

Wako Wakristo wanaoikataa kazi hii kabla ya kufika kwenye swali hilo. Wanasema ni upagani uliovikwa kanzu. Ni kweli kwamba watawa kumi na wawili Wafransisko walipofika Meksiko mwaka 1524, waliikuta nchi ambayo tayari ilikuwa na miti mitakatifu. Wamaya, kwa mfano, waliuheshimu msufi, mti uleule unaotupa sufi za mito yetu. Kwao mizizi yake ilifika kuzimu kwa wafu, shina lilisimama duniani, na matawi yalishika mbingu. Lakini heshima ya Wamaya kwa msufi haiondoi mti katikati ya Edeni. Kilichokatazwa katika Kutoka 20 ni kujifanyia sanamu ya kuisujudia, na mti huu wa udongo haukutengenezwa usujudiwe. Ulianza kama kinara cha mishumaa. Huko Izúcar de Matamoros, katika jimbo la Puebla, vinara vya namna hii walipewa maharusi.

Hapo ndipo tunapouona uzuri wake. Ni zawadi ya arusi isiyodanganya. Wapya katika ndoa wanapewa maua na ndege, lakini wanapewa pia nyoka, na mume na mke wa kwanza waliotupia wengine lawama. Mishumaa inawaka juu ya matawi yaleyale. Mahubiri mengi ya arusi tuliyoyasikia hayana ujasiri huo.

Hata ufundi wake una somo. Mfinyanzi wa Metepec huchanganya udongo mwekundu na wa manjano, akatia nyuzi laini za mmea wa majini unaofanana na matete ili udongo ushikamane usipasuke. Majani na maua hufinyangwa moja moja na kushikizwa kwa waya, kisha kazi yote huingia motoni. Kadiri mti unavyokuwa mkubwa, ndivyo hatari ya kuvunjika inavyoongezeka. Anayejua 2 Wakorintho 4:7 hatahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, sifa zetu zina mpaka. Miti mingine imesongamana mno. Maua yanamfunika nyoka, na dhambi inakuwa pambo mojawapo kati ya mapambo. Mingine, inayotengenezwa kwa ajili ya soko, imewaondoa Adamu na Hawa kabisa na kuweka chochote mnunuzi anachopenda. Macho hufurahi, lakini hakuna tena linaloulizwa.

Upungufu mkubwa zaidi uko hata katika ile iliyo bora. Kati ya mti wa Mwanzo na ule wa Ufunuo 22:2, ambao majani yake ni ya kuwaponya mataifa, upo mti wa tatu, nao ni msalaba. Wafinyanzi wengine hutengeneza miti ya kuzaliwa kwa Kristo, lakini kwenye mti wa Adamu na Hawa mara nyingi Mwokozi haonekani. Anguko limeonyeshwa na uzima umetajwa, ila gharama ya kutoka kwenye moja hadi kwenye mwingine haikuonyeshwa.

Je, jina limekosewa, basi? Twaona sivyo. Asiye na imani ataona jina lisilolingana na sanamu. Mkristo anajua jinsi mahali pa anguko palivyogeuka kuwa mahali pa uzima, na neema ikazidi pale dhambi ilipozidi, kama Paulo anavyowafundisha Warumi. Udongo hauwezi kulisema hilo peke yake. Ni juu yetu kulisema, hasa kwa watoto wetu, wanapouonyesha nyoka kwa kidole na kuuliza anafanya nini kwenye mti wenye jina zuri namna hiyo.