Noti Moja, Jiwe Moja: Kichekesho cha Picha Kinaposomwa Kisangani

Katika uhakiki wa katuni hudaiwa mara nyingi kwamba kichekesho kisicho na maneno hakihitaji mkalimani. Dai hili limekubaliwa kwa wepesi mno. Picha inaweza kukosa maandishi na bado ikategemea neno fulani ambalo mchoraji na hadhira yake wanalijua. Msomaji asiye na neno hilo ataona kila mstari uliochorwa, lakini hatajua wenzake wanacheka nini. Mji wa Kisangani unafaa sana kulipimia jambo hili, kwa kuwa hapo lugha mbili kubwa hukutana: Kiswahili, kilichofika na misafara ya mashariki katika karne ya 19, enzi za Tippu Tip, na Kilingala, kilichopanda mto Kongo kutoka magharibi pamoja na askari na watumishi wa utawala wa kikoloni.

Mfano wa kuanzia unatoka mbali. Mwaka 1921 jarida la Punch la London lilichapisha mfululizo wa picha wa H. M. Bateman uitwao The One-Note Man. Mtu mmoja anaamka, ananawa, anavaa, anabeba ala yake mpaka ukumbi wa muziki. Anaketi katikati ya okestra kubwa, anasubiri, anapiga nota moja tu, kisha anafungasha, anarudi nyumbani na kulala. Alfred Hitchcock alieleza kwamba katuni hiyo ndiyo iliyompa wazo la filamu yake ya mwaka 1934, The Man Who Knew Too Much, ambamo muuaji anangoja mlio mmoja wa matoazi ndipo afyatue risasi. Yaani mtazamaji mmoja alipewa kicheko, akatoa hofu. Hilo peke yake lingetosha kumtahadharisha mhakiki.

Picha hizo zikiwekwa mbele ya msomaji wa Kisangani, kitendo atakielewa. Kitakachomtatiza ni fedha. Utani wa Bateman haujishughulishi na malipo, kwa sababu mtu wake anachukuliwa kuwa mwajiriwa: ana saa zake na ujira wake kama karani, na utani wote umejengwa juu ya ukarani huo. Bendi anayoijua mpenzi wa rumba ya Kongo haiko hivyo. Bendi hiyo ina mwenyewe, ambaye mara nyingi ndiye mwenye ala, na mapato ya mwanamuziki wa kawaida hutegemea ukarimu wa mkubwa huyo na wa mashabiki wanaopanda jukwaani kumbandika noti kwenye paji la uso. Basi swali la kwanza litakuwa: nani anamlipa mtu huyu, na anamlipia nini? Swali hilo halitokani na ujinga. Ni swali ambalo katuni yenyewe imelipita kimyakimya.

Kiswahili sanifu kinamsukuma msomaji upande huohuo. Sauti moja ya muziki wengine huiita nota, wengine noti. Na fedha ya karatasi ni noti. “Mtu wa Noti Moja” mjini Dar es Salaam laweza kuwa jina la maskini. Aliyesomeshwa kwa Kifaransa hana utata huo, maana kwake note ni ya muziki na billet ni ya fedha. Katika mazungumzo Mkongo husema makuta, neno lililokuwa jina la sehemu ndogo ya zaire, fedha iliyoanzishwa mwaka 1967 na kuondolewa mwaka 1998. Hata mchoro wa kitita cha noti hauna maana moja. Kwingineko ni alama ya utajiri. Lakini Januari 1993 noti ya zaire milioni 5 ilikataliwa madukani, na Oktoba mwaka huohuo zaire milioni 3 za zamani zikawa sawa na zaire mpya 1. Mchoraji wa siku zile aliyetaka kuonyesha tajiri asingeweza kutegemea wingi wa karatasi.

Angeweza kutegemea jiwe. Katika Kilingala jiwe ni libanga, wingi wake mabanga. Kupasua jiwe, kobeta libanga, ni kuhangaikia riziki. Kurusha jiwe, kobwaka libanga, ni kutaja jina la mtu ndani ya wimbo, mara nyingi kwa malipo. Wimbo wa kumtumikia mwenye fedha au mamlaka ulikuwapo zamani: mwaka 1973 Franco aliimba Azda kuwasifia wauzaji wa magari ya Volkswagen, na mwaka 1984 akamwimbia Mobutu katika kampeni ya uchaguzi. Kuanzia miaka ya 1990 majina yalisongamana zaidi: wafanyabiashara, wanasiasa, maofisa wa jeshi, Wakongo waishio Paris na Brussels. Mtu wa Bateman hupiga sauti moja na ujira wake haubadiliki. Mwimbaji wa Kinshasa hutamka jina moja, na jina hilo huenda likamletea fedha kuliko wimbo wote uliobaki.

Ichukuliwe, basi, picha inayoweza kuchorwa Kisangani, mji alikozaliwa mwaka 1959 Barly Baruti, mchoraji wa hadithi za picha ambaye pia ni mpiga gitaa. Mwimbaji amepanua kinywa. Badala ya sauti yanatoka mawe. Tajiri amekinga kofia. Msomaji wa Kilingala atacheka papo hapo. Msomaji wa pwani atapotea, tena atapotea kwa kujiamini, kwa kuwa lugha yake inamwambia kwamba kumrushia mtu dongo ni kumsema kwa mafumbo. Atadhani ameona taarabu ya vijembe, na tajiri ndiye anayesutwa. Sifa imegeuka tusi bila mstari mmoja kubadilika. Hata hivyo hayuko mbali kabisa, maana katika taarabu pia mtu huinuka kumtuza mwimbaji unapofika ubeti anaotaka hasimu wake ausikie. Kotekote wawili kinachonunuliwa ni shabaha ya maneno, wala si utamu wa sauti. Mtu wa Bateman hamlengi yeyote.

Kisangani ina usomaji wa tatu. Uchimbaji mdogomdogo wa almasi uliporuhusiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mji ulijaa maduka ya kuinunua, ambayo kuta zake zilichorwa almasi kubwa zenye miale. Mali hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombewa majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humo mjini mwezi Juni 2000. Kwa jicho lililozoea kuta hizo, mistari mitatu mifupi kando ya jiwe inatosha. Mchoraji akiiacha, tajiri amelipa na anapokea jina lake. Akiiongeza, malipo yanageuka mwelekeo: anayetoa mali ni mwimbaji, na mwenye kofia anaondoka nayo.