Nyumba ya Mawe Inauzwa: Namna ya Kuukagua Ukarabati wa Lamu

Dalali wa nyumba za kijiji cha Shela, Lamu, anajua aanzie wapi. Atakupandisha moja kwa moja hadi juu, chini ya makuti, kusi ikupige usoni na macho yatambae juu ya maji hadi kisiwa cha Manda. Ukishuka umekwisha kuipenda nyumba, na kuta bado hujazitazama. Mshukuru, kisha mwombe mrudi chini muanze upya mlangoni. Nyumba ya mawe hukaguliwa kutoka chini kwenda juu, kwa sababu maradhi yake mengi hupanda kwa njia hiyohiyo.

Nyumba ninazozizungumzia ni zile za mawe ya matumbawe na chokaa zilizojengwa Lamu na vijiji vyake katika karne ya 18 na ya 19. Baadhi zilikaa magofu miaka mingi, zikanunuliwa, zikainuliwa tena, na leo zinarudi sokoni. Mji wa kale wa Lamu uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na siku hizi neno “asilia” halikosekani katika matangazo ya mauzo. Mimi nina kipimo kimoja cha neno hilo: kiraka kisiwe kigumu kuliko nguo. Kila kilichoongezwa, kiwe lipu, sakafu au dari, kinatakiwa kiwe laini kuliko ukuta wa zamani. Nyumba ikitikisika au ikinywa maji, nyongeza ndiyo ipasuke, ukuta ubaki.

Kuta

Ukuta wa Lamu una unene wa karibu nusu mita, na chini yake hakuna kitu cha kuzuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda ndani yake pamoja na chumvi, hutokea kupitia chokaa, upepo ukayakausha. Nyumba imeishi hivyo vizazi na vizazi. Fundi akija akaupiga ukuta huo lipu ya saruji, maji hukosa pa kutokea. Yatapanda juu zaidi, na chumvi itaganda nyuma ya lipu na kulisaga jiwe polepole. Msimu wa kwanza ukuta utapendeza. Baadaye rangi hututumka, na ukiibonyeza unga hudondoka.

Kwa hiyo chutama. Kagua ukuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, hasa pembeni mwa choo na nyuma ya kitanda, ambako wapiga picha hawafiki. Ukikuta mstari ulionyooka, chini yake lipu ngumu na juu yake lipu laini, ujue kuna mtu aliyejaribu kuuziba unyevu kwa saruji. Gonga kwa kifundo cha kidole: ukuta ukilia kwa uwazi, lipu imeachana na jiwe. Halafu nyunyiza maji kidogo. Chokaa huyanywa papo hapo na kuacha doa; saruji iliyosuguliwa na rangi ya plastiki huyaacha yatiririke. Egemea ukuta kisha tazama bega lako. Chokaa ya kupaka huacha unga kidogo kwenye nguo. Wenye nyumba wengine huuona unga huo ni aibu wakaufunika kwa rangi ya mafuta, na hapo ndipo ukuta unapozibwa pumzi.

Muulize fundi chokaa ilitoka wapi na ililala muda gani. Chokaa ya pwani hupatikana kwa kuchoma matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa ilale, ikiwezekana kwa miezi. Isiyolala vya kutosha hubaki na chembe mbichi, nazo huendelea kuzimika zikiwa tayari ukutani, huvimba na kurusha vipande vya lipu. Ukiona vishimo vidogo vimetapakaa, na katikati ya kila kimoja kitone cheupe, hiyo ni kazi ya fundi mwenye haraka, au ya tajiri aliyemharakisha.

Boriti na dari

Inua macho. Upana wa vyumba vya Lamu uliamuliwa na mikoko: boriti haikuaminiwa kuvuka zaidi ya mita mbili na nusu hadi karibu na tatu, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Ukiingia ukumbi wa mita tano usio na nguzo, katika nyumba inayosemwa ni ya karne ya 18, uliza ukuta wa katikati ulikwenda wapi na dari sasa inabebwa na nini. Huenda ukaambiwa ni zege lenye nondo, na boriti unazoziona zimebandikwa chini yake kwa pambo tu.

Boriti zinazofanya kazi hupangwa karibukaribu. Juu yake hulazwa mawe bapa, kisha kokoto na chokaa iliyopigwapigwa kwa mbao mpaka ikashikamana. Boriti huanza kuoza kichwani, pale inapoingia ukutani. Omba ngazi na kisu kidogo, ukichome kichwa hicho. Kisu kikizama bila kuzuiwa, boriti imekwisha, hata kama katikati inang’aa kwa mafuta. Fuatilia pia njia za udongo za mchwa pembeni mwa dari. Hakuna ubaya boriti nyingine zikiwa mpya. Fundi mwaminifu huziacha zionekane kuwa mpya. Zote zikiwa na rangi moja ya kahawia, kuna aliyezipaka usijue zipi zimebadilishwa.

Zege nalo lina ugonjwa wake. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi huila nondo. Chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ufa ulionyooka, wenye wekundu kandokando, ukiufuata utakuta nondo nyuma yake.

Kutoka daka hadi ndani

Sasa itembee nyumba kama mgeni wa zamani: daka la mlangoni, tekani ya kuingilia, kiwanda ambacho ndicho ua wa wazi, msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi ya chini na ya juu, kisha ndani, chumba cha faragha. Miguu yako inatakiwa ihisi sakafu ikipanda kidogo kila unapovuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Mkarabati asiyejali huisawazisha yote kwa vigae, na nyumba ikapoteza daraja zake za faragha. Ukikuta dirisha kubwa limetobolewa kwenye ukuta wa ndani ili bahari ionekane, hesabu hasara mbili: chumba kimegeuzwa, na ukuta uliokuwa ukibeba mzigo umekatwa.

Zidaka, vishubaka vya nakshi vya ukutani, ndizo zinazowadanganya wanunuzi wengi. Washa tochi, iweke ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite juujuu. Nakshi iliyochongwa kwa mkono katika lipu ina tofauti ndogondogo: duara moja limebonyea, jingine lina alama ya kisu kilichoteleza. Iliyomiminwa kwenye kalibu hurudia kosa lake. Utakuta kitobo kilekile cha hewa, kwenye pembe ileile, katika kila kidaka. Kama nakshi imepotea, naiheshimu zaidi lipu tupu iliyoachwa bila pambo kuliko pambo la kubuni linalouzwa kuwa la kale.

Mlango ni hivyohivyo. Milango ya nakshi imehamishwa sana kutoka nyumba moja hadi nyingine, kwa hiyo usiutumie kukadiria umri wa jengo. Tazama miimo inavyokutana na ukuta. Pengo pana lililojazwa saruji linaonyesha mlango huo ulizaliwa kwingine. Tazama pia miguu ya miimo, kwa kuwa mbao huoza zinapogusa ardhi yenye maji.

Maji

Zamani chooni palikuwa na birika, na ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Siku hizi kuna bafu kila chumba na huenda bwawa la kuogelea katikati ya kiwanda. Uliza maji machafu yanakwenda wapi, na shimo liko umbali gani na kisima, chako na cha jirani. Michanga ya Shela ndiyo inayohifadhi maji matamu ya kisiwa, kwa hiyo shimo bovu ni deni kwa kijiji kizima. Ukiweza, rudi masika ukaone mvua inatokaje darini. Kuta zinazopakana na bwawa zikaguliwe mara mbili, maana hazipati kukauka.

Hati ni kazi ya wakili, ila wewe mwenyewe uliza mapema kama nyumba ni ya wakfu na kama warithi wote wamekubali. Asiye raia akumbuke kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa umiliki wa kukodi tu, usiozidi miaka 99.

La kusamehe na la kukimbia

Samehe sakafu isiyonyooka, unga begani, na ufa mwembamba katika lipu laini. Hayo ni ya chokaa na fundi mmoja. Saruji iliyopigwa hadi usawa wa goti ni ya kupunguziwa bei: inabanduka, ila itakugharimu miezi na vumbi jingi. Zege zito lililokalishwa juu ya kuta za matumbawe ni la kuliacha na kwenda zako, kwa sababu huwezi kulitoa bila kuibomoa nyumba.

Mwisho, usimwamini muuzaji anayekuhakikishia kwamba nyumba haitahitaji matengenezo tena. Nyumba ya chokaa hutaka kupakwa na kuzibwa mara kwa mara, na mwenye nayo halisi anamjua anayefanya kazi hiyo. Mwombe jina la fundi huyo, ukazungumze naye kabla ya kutaja bei. Fundi akijua boriti ipi ilibadilishwa na mwaka gani, umepata nyumba yenye mtunzaji. Asipokuwepo fundi wa namna hiyo, mshahara wake wa miaka michache ijayo uukate kwenye bei leo.