Hadithi Mbili za Safari Moja

Habari za mabaharia wa asili ya Norwei waliofika Amerika ya Kaskazini yapata mwaka 1000 zimetufikia katika hadithi mbili: Hadithi ya Watu wa Grinilandi na Hadithi ya Erik Mwekundu. Zote ziliandikwa Aisilandi, miaka mia mbili au zaidi baada ya safari zenyewe. Wako waliozilaumu kwa kuwa hazipatani, wakasema kuwa mashahidi wenye kugongana hawaaminiki. Nathubutu kusema kuwa hukumu hiyo ni ya haraka.

Tuzitazame hitilafu zao. Katika hadithi ya kwanza, Bjarni Herjólfsson alipotea baharini akimfuata baba yake Grinilandi, akaiona nchi ngeni, asishuke. Baadaye Leif, mwana wa Erik, aliinunua merikebu yake akaenda kwa kusudi. Katika ya pili Bjarni hatajwi hata kidogo. Aliyepotea ni Leif mwenyewe, akitoka kwa Mfalme Olaf aliyemtuma kuhubiri Ukristo Grinilandi. Hapo twauona mkono wa msimulizi: aliyetangulia kuona amefutwa, na nchi mpya imekuwa kama thawabu ya mhubiri.

Kubwa zaidi ni habari ya Freydís, binti Erik. Katika hadithi ya kwanza awaua kwa shoka wanawake watano, baada ya wanaume kukataa kuwagusa. Katika ya pili, naye ni mja mzito, wanaume wakimbia wamwacha nyuma; aokota upanga wa maiti, awageukia adui, nao waingiwa na hofu. Mwanamke ni yule yule, muuaji huku, shujaa kule. Lakini Gudrid, mke wa Thorfinn Karlsefni, asifiwa katika zote mbili. Si ajabu, maana katika kizazi chake walitoka maaskofu wa Aisilandi, na hadithi zote mbili zafunga kwa kuwataja. Freydís hakuwa na wajukuu wa namna hiyo wa kumtetea.

Hata hivyo, lisemwalo lipo. Mwaka 1960 Helge Ingstad alionyeshwa mahame ya L'Anse aux Meadows, katika Newfoundland, Kanada. Na tangu 1961 mkewe, Anne Stine Ingstad, aliongoza uchimbaji. Mwaka 2021 wataalamu walithibitisha kuwa miti iliyopatikana pale ilikatwa kwa chuma mwaka 1021. Palionekana pia kijiwe cha kusokotea nyuzi, kazi iliyokuwa ya wanawake kwa watu wale. Basi hadithi hazikusema uongo ziliposimulia kuwa wanawake nao walisafiri.

Kwa hiyo haitupasi kuzitupa hadithi hizi, wala kuzipatanisha kwa nguvu. Ardhi imeshuhudia safari. Haikushuhudia sifa ya Leif wala ubaya wa Freydís. Hayo ni maneno ya wasimulizi, na kazi ya mhakiki ni kuuliza yalimfaa nani.